Mshale wa Joto Ukidanganya: Kuipima Geji ya Gari la Spoti Kabla ya Kununua Chochote

Mshale wa joto umelala kwenye C (baridi) robo saa baada ya kuwasha, au umekwea hadi H (moto) wakati injini bado ni baridi kiasi cha kushikika kwa mkono. Wengi hapo hukimbilia duka la spea kununua sensa. Isipopona, thamostati, ile vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta yakishapata moto. Isipopona tena, geji yenyewe, ambayo kwa gari la spoti la zamani ni adimu na bei yake haina huruma. Mwisho wa yote vimefungwa vifaa vitatu vipya na mshale uko pale pale, kwa sababu tatizo lilikuwa kutu ya kijani ndani ya plagi moja.

Geji haigusi maji. Inachojua ni kiasi cha umeme kinachopita kwenye sensa, na umeme huo hupitia mengi kabla ya kuufikia mshale: kuna maji yanayoizunguka ncha ya sensa, sensa yenyewe, thredi zake zinazoshika ethi (njia ya umeme kurudi betri) kwenye chuma cha injini, plagi, waya mrefu, volteji inayoilisha geji, na mwisho koili au kimota kilicho nyuma ya kioo. Uchunguzi una maswali mawili tu, na mpangilio ni huu. Joto halisi ni nyuzi ngapi? Kisha, tatizo liko upande wa injini au upande wa dashibodi? Ukipata majibu ya hayo mawili, kifaa kibovu hujitaja chenyewe. Ukiliruka la kwanza, unaweza kuhangaika na geji siku nzima huku injini inachemsha kweli.

Kwa hiyo mpaka uthibitishe vinginevyo, chukulia kwamba geji inasema ukweli. Mshale ukigusa H barabarani, simama, zima injini, subiri. Usifungue mfuniko wa rejeta wala wa tangi la akiba injini ikiwa moto. Mfumo wenye mfuniko wa shinikizo la bar 1.1 huzuia maji matupu yasichemke mpaka karibu nyuzi 121, na ukiwa na kulanti (dawa ya kupozea injini) iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, zaidi ya hapo. Maji yaliyotulia kwenye nyuzi 110 ndani ya mfumo uliofungwa hugeuka mvuke papo hapo shinikizo linapoachiliwa, na yanarukia usoni.

Kuna tabia moja ya mshale ambayo watu huifurahia wakati inapaswa kuwatisha: unapanda hadi karibu na H, kisha unaporomoka ghafla kwenda C. Mara nyingi maana yake ni kwamba maji yamepungua na ncha ya sensa sasa iko hewani. Sensa imetengenezwa kupima kimiminika. Ikiwa kwenye hewa au mvuke husoma chini, au hurukaruka, na silinda hedi inaungua huku dashibodi inaonyesha amani. Kabla ya kushika mita yoyote, hakikisha injini imepoa kabisa, fungua mfuniko, tazama kiwango cha maji.

Kwenye magari ya spoti jambo hili lina uzito wake. Toyota MR2 ina injini nyuma ya viti na rejeta mbele. Porsche 911, kuanzia kizazi cha 996 kilichoacha kupozwa kwa hewa, ina injini nyuma kabisa na rejeta mbele. Maji husafiri urefu wa gari kwenda na kurudi, na kila kona ya juu ya bomba ni mahali pa hewa kujificha. Nyaya nazo husafiri umbali huo huo, zikipita chini ya sakafu ambako kuna matope na maji. Ukiona mshale unarukaruka siku chache baada ya kubadilisha kulanti kwenye gari la aina hii, toa hewa kwanza kwa utaratibu wa gari lenyewe, maana mengine yana vali zaidi ya moja za kutolea hewa. Sensa utaigusa baadaye.

Tafuta shahidi wa pili

Kipimajoto cha mionzi, kile chenye umbo la bastola, ndicho kifaa kitakachokuokolea pesa nyingi kuliko vyote. Lakini kina ujanja wake. Alumini inayong'aa huakisi joto la vitu vilivyo jirani, hivyo ukikielekeza kwenye chuma kitupu kinaweza kukosea kwa makumi ya nyuzi, na karibu kila mara kitasoma chini ya ukweli. Paka kidoa cha rangi nyeusi isiyong'aa, ya kustahimili joto, chenye upana wa sarafu, kwenye nyumba ya thamostati karibu kabisa na sensa. Pima hapo, kipimajoto kikiwa sentimita 5 hadi 10 tu kutoka kwenye kidoa, ukiweka mikono na nguo mbali na mkanda na feni. Nje ya chuma husoma nyuzi chache chini ya maji yaliyo ndani, na tofauti hiyo ni ya kawaida.

Anza injini ikiwa baridi na uandike kila dakika mbili: kidoa nyuzi ngapi, mshale wapi, mpira wa juu wa rejeta una joto au la. Thamostati nyingi hufunguka kati ya nyuzi 82 na 88. Ikiwa nzima, mpira wa juu hubaki vuguvugu kwa muda mrefu, kisha ndani ya dakika moja unakuwa moto. Kidoa kikifika 85 na mshale bado uko C, geji inadanganya na una haki ya kuendelea na umeme. Lakini kidoa kikikwama kwenye 60 au 65 baada ya mwendo wa barabarani, na mpira wa juu ulianza kupata joto tangu mwanzo, basi geji ni mkweli. Thamostati imekwama ikiwa wazi. Dalili yake nyingine ni kwamba mshale hupanda kwenye foleni na kushuka ukikimbia kwa kasi, na hita inapuliza hewa ya vuguvugu.

Feni ya umeme nayo ni shahidi, kwa sharti moja. Kwenye magari mengi ya zamani feni huwashwa na swichi yake binafsi iliyofungwa kwenye rejeta au nyumba ya thamostati, isiyohusiana na geji. Ikiwaka, ujue maji yamefika nyuzi 95 hadi 100 hivi, hata kama mshale unasema jingine. Kwenye magari ya karibuni kompyuta ndiyo inayoamua, ikitumia sensa ile ile inayoilisha geji, na hapo feni si shahidi huru tena.

Ijue geji yako ni ya ukoo gani

Utaijua kwa namna inavyoamka. Ukifungua swichi na mshale ukapanda taratibu kwa sekunde nyingi kama mtu anayeamka usingizini, hiyo ni ya bati mbili: waya mwembamba hupasha kipande cha metali mbili zilizounganishwa, kipande kinajipinda, kinausukuma mshale. Mshale ukienda mahali pake kwa haraka, kwa mwendo laini, hiyo ni ya koili na sumaku. Mishale yote ikizunguka hadi mwisho na kurudi unapofungua swichi, hiyo inaendeshwa na kimota na kompyuta. Halafu kuna ya mrija, iliyofungwa kwenye magari mengi ya Uingereza ya miaka ya 1950 na 1960, zikiwemo MGB za mwanzo, ambayo haina umeme hata kidogo.

Hii ya mrija tuimalize haraka. Ina tungi dogo la chuma lililozama kwenye maji ya injini, lina kimiminika kinachogeuka mvuke, na mrija mwembamba kama waya unapeleka shinikizo hadi kwenye geji. Ifungue, tumbukiza tungi kwenye maji ya moto. Mshale usipotikisika kabisa, mrija umevuja, na tiba yake iko kwa wataalamu wa kujaza upya. Usiukunje mrija huo kwa kona kali wakati wa kuufungua. Ukivunjika umekwisha.

Geji ya bati mbili ina jambo lake moja ambalo huwapoteza watu wengi. Kwa kuwa inafanya kazi kwa joto la waya, volteji ikipanda na yenyewe inapanda, kwa hiyo huwekewa kidhibiti cha volteji. Kwenye magari ya Uingereza yenye geji za kampuni ya Smiths, kidhibiti hicho ni kiboksi kidogo nyuma ya dashibodi kinachokata na kuunganisha umeme ili wastani wake uwe volti 10. Kiboksi hicho hulisha geji ya joto na geji ya mafuta kwa pamoja. Hapo ndipo penye kipimo cha bure kabisa: tazama geji ya mafuta. Zote mbili zikisoma juu, kosa ni kidhibiti, na mara nyingi ni ethi yake tu iliyolegea kwenye skrubu inayokishikilia. Zote mbili zikifa, kidhibiti kimekufa au hakipati umeme. Ikiwa ya joto peke yake ndiyo inayosumbua, kidhibiti hakina hatia.

Ethi ya kidhibiti ikikosekana, hakikati tena, na geji hupata volti 14 nzima za altaneta badala ya 10. Joto la waya hupanda kwa kipeo cha pili cha volteji, hivyo geji inapata karibu mara mbili ya joto iliyokusudiwa. Mshale hauna pa kwenda ila H. Unapokipima kwa mita ya kidijitali, usishangae kuona 12, 0, 12, 0. Kile cha zamani ndivyo kinavyofanya kazi, na kinachosumbua hapo ni mita kushindwa kufuata. Vidhibiti vipya vya elektroniki, vyenye chipu ya kudhibiti volteji kama 7810 ndani, hutoa volti 10 zilizotulia na ndivyo ninavyopendekeza, ila navyo vinahitaji ethi safi na vina upande wa kuingilia na wa kutokea. Ukivigeuza, vinaungua.

Gawa saketi katikati

Sasa kazi yenyewe. Sensa ya geji kwenye magari mengi ya zamani ina waya mmoja tu, na ethi yake ni thredi zilizokaza kwenye injini. Ukinzani wake hushuka kadiri joto linavyopanda. Ukilishika hilo moja, vipimo vyote vinavyofuata vinajieleza.

Fungua swichi bila kuwasha injini. Chomoa waya wa sensa, uache unin'ginie bila kugusa chuma. Mshale unapaswa kulala C. Kisha gusisha ncha ya waya huo kwenye ethi kupitia rezista (kifaa kidogo cha kuupunguza umeme) ya omu 10 hadi 20 yenye uwezo wa wati 2 au zaidi. Mshale unapaswa kuelekea H. Wengi hugusisha moja kwa moja kwenye chuma bila rezista. Kwa sekunde mbili tatu mara nyingi hakuna madhara, lakini ukizubaa kwenye geji ya bati mbili unaweza kuupinda ule utepe au kuunguza waya wake, na geji iliyokuwa nzima inakuwa mbovu mikononi mwako. Rezista ni kitu kidogo, tumia. Na kwa bati mbili uwe na subira, hesabu polepole hadi kumi na tano kabla ya kutoa hukumu.

Mshale ukienda C na H kama inavyotakiwa, basi geji, kidhibiti, fyuzi na waya wote hadi kwenye sensa ni vizima. Umefuta nusu ya gari kwa dakika tano. Kilichobaki ni sensa, ethi yake na maji yenyewe.

Mshale usiposogea ulipogusisha ethi, nenda nyuma ya geji, rudia kipimo kile kile kwenye nguzo ya geji. Ukisogea hapo, waya umekatika kati. Usiposogea, pima kama geji inapata umeme kwenye nguzo yake nyingine. Umeme upo na mshale haujibu? Hapo ndipo geji inapohukumiwa, si kabla. Na mshale ukikaa H hata baada ya kuchomoa waya kwenye sensa, chomoa pia nyuma ya geji. Ukishuka, waya umechubuka mahali na kugusa chuma, na mahali hapo mara nyingi ni pale unapopita kwenye tundu la ukuta wa injini au karibu na bomba la ekzosi. Usiposhuka, kosa liko ndani ya geji.

Kuna kitu cha kukumbuka kuhusu mwelekeo wa uongo. Ukinzani wowote ulioongezeka njiani, iwe kutu kwenye plagi, waya uliobakiza nyuzinyuzi mbili au thredi zisizoshika ethi, humfanya mshale asome baridi kuliko ukweli. Umeme unaovuja kwenda ethi njiani humfanya asome moto kuliko ukweli. Kwa hiyo kabla hujafungua boneti tayari unajua utafute nini, na ule uongo wa kwanza ndio unaoua injini.

Chukua mfano wa sensa ya kampuni ya VDO, ya geji inayoishia nyuzi 120, ambayo imefungwa kwenye magari mengi na geji nyingi za kuongezea. Maji yakiwa nyuzi 60 ukinzani wake ni takriban omu 134. Kwenye 90 ni 51, kwenye 100 ni 38 na nusu hivi. Tazama tofauti ya hizo mbili za mwisho: omu 13 tu. Maana yake kutu yenye ukinzani wa omu 13, ukungu wa kijani usiofika hata unene wa karatasi kwenye pini moja, inaiba nyuzi 10. Maji yako 100, mshale unasema 90. Maji yakifika 110, mshale bado umetulia mahali usipopatilia mashaka. Safisha pini kwa kipulizo cha kusafishia viunganishi na brashi ndogo, bana upya mdomo wa plagi ukilegea, pima tena.

Ethi ya sensa hupimwa injini ikifanya kazi, taa na feni vikiwa vimewashwa. Weka mita kwenye volti ndogo, mguu mmoja kwenye mwili wa sensa, mwingine kwenye nguzo hasi ya betri. Ukiona zaidi ya volti 0.1, ethi ni dhaifu. Sasa hamisha mguu wa kwanza kutoka kwenye mwili wa sensa uweke kwenye chuma cha injini pembeni yake. Volti ikitoweka, tatizo ni thredi. Ikibaki, tatizo ni mkanda wa ethi kati ya injini na bodi. Sababu kubwa ya thredi kushindwa ni tepu nyeupe ya mafundi bomba iliyozungushwa mara nne tano. Hiyo tepu haipitishi umeme. Kama sensa imetengenezwa kuziba kwa washa ya shaba, haihitaji tepu hata kidogo. Kama thredi zake zinapungua unene kuelekea ncha, tumia dawa kidogo ya kuzibia ya majimaji na uache thredi mbili za mwanzo tupu.

Ikiwa mshale unatikisika kila ukiwasha taa au indiketa, hiyo ni ethi ya dashibodi. Usipoteze muda kwenye injini.

Sensa kwenye sufuria

Ifungue injini ikiwa imepoa, ukiwa na chombo cha kukinga maji. Funga waya kwenye sensa, ining'inize ndani ya sufuria ili ncha izame bila kugusa chini wala ukingo, kwa sababu sakafu ya sufuria ina joto kali kuliko maji. Tumbukiza kipimajoto cha maji karibu na ncha. Mita iwe kwenye omu, mguu mmoja kwenye pini, mwingine kwenye mwili. Pasha, koroga, andika kila nyuzi 10. Kisha zima jiko na uandike tena maji yakiwa yanapoa. Namba za kushuka ndizo za kuaminika zaidi, kwa kuwa maji yanapoa polepole na sensa inapata muda wa kulingana nayo. Kumbuka maji huchemka kwenye nyuzi 100 usawa wa bahari, na hupungua kama nyuzi 1 kwa kila mita 300 za mwinuko, hivyo amini kipimajoto kuliko mapovu.

Sensa nzima hushuka kwa mstari laini. Mbovu huonyesha mojawapo ya mambo matatu: ukinzani wake hauna mwisho, yaani imekatika ndani, umekwama kwenye namba moja, au unashuka vizuri kisha unaruka ghafla. Hii ya mwisho ndiyo inayotesa watu, maana ukiipima ikiwa baridi mezani inaonekana haina kasoro. Ndiyo sababu kipimo cha omu cha mara moja kwenye sensa baridi hakitoshi.

Namba zako linganisha na za kitabu cha gari lako. Ukikuta sensa inashuka vizuri lakini namba zake ziko mbali kabisa, huenda ni nzima na si ya gari hilo. Thredi za M12x1.5 na M14x1.5 (kipenyo cha milimita 12 au 14) zinaingia sensa nyingi za magari tofauti, na swichi ya feni inaweza kufanana na sensa ya geji. Swichi hupimwa kwa urahisi: ukinzani wake hauna mwisho, kisha ghafla unakuwa sifuri kwenye joto lake. Geji za kuongezea nazo hazipatani na sensa yoyote tu. Geji na sensa yake ni jozi, na ukizitenganisha utapata mshale unaotembea vizuri na kusema uongo kila mahali.

Kompyuta ikiwa katikati

Kwenye magari ya kuanzia miaka ya 1990 sensa ya kompyuta ina waya mbili, na baadhi ya magari yana sensa zote mbili, ya geji na ya kompyuta, zikikaa jirani. Hakikisha unapima inayohusika. Sensa ya kompyuta ya aina ya Bosch ina ukinzani mkubwa zaidi, kama omu 2,500 kwenye nyuzi 20 na chini kidogo ya 200 kwenye nyuzi 100. Kwa hiyo omu 13 za kutu zinaipotosha nyuzi 2 au 3 tu. Huu ndio uzuri wake.

Chomeka skana, kifaa cha kusomea kompyuta ya gari, na usome joto la maji moja kwa moja. Itifaki ya OBD-II, yaani lugha ambayo kompyuta ya gari huzungumza na skana, ya lazima Marekani kwa magari ya mwaka 1996 na kuendelea, hutuma joto hilo kama namba moja ambayo skana inaitoa 40, hivyo 130 ni nyuzi 90, na sifuri ni nyuzi -40. Ukiona -40, kompyuta haijapatwa na baridi, saketi iko wazi. Kodi yake, yaani namba ya hitilafu inayotunzwa na kompyuta, huwa P0118. Chomoa plagi ya sensa kwa makusudi: skana iseme -40. Unganisha tundu mbili za plagi upande wa waya kwa kipande cha waya: iruke juu kabisa, zaidi ya 120. Ikijibu vyote viwili, waya na kompyuta ni vizima, sensa ndiyo mbovu. Isipojibu, pima kati ya tundu hizo ukiwa umefungua swichi tu, unapaswa kupata volti 5. Usishtuke feni ikianza kuzunguka kwa nguvu zote ukichomoa sensa. Kompyuta isiyojua joto hujikinga hivyo. Vipimo hivi huacha kodi, zifute ukimaliza.

P0117 ni kinyume, sensa inasoma moto kupita kiasi, tafuta waya uliogusa ethi. P0128 watu huichukulia kuwa ya sensa, ila maana yake ni kwamba maji hayafikii joto la thamostati kwa wakati, na mara nyingi thamostati ndiyo imekwama wazi. Kipimo kizuri cha sensa yenyewe ni cha asubuhi: gari likiwa limelala usiku kucha, joto la maji na joto la hewa inayoingia kwenye injini vinapaswa kutofautiana kwa nyuzi chache tu. Yakiachana kwa 15, moja ya sensa hizo inadanganya.

Skana ikisoma 92 na mshale ukakaa C, shughulika na dashibodi. Kama dashibodi ina kipimo cha kujikagua, kitumie kuona kama kimota cha mshale kinazunguka. Lakini jua pia kwamba kwenye magari mengi ya kisasa mshale umefundishwa kutulia. Kuanzia nyuzi 75 au 80 hadi 105 au zaidi, hukaa katikati bila kutikisika, ili dereva asiogope kila anapopanda kilima. Ukiona hautembei kati ya 85 na 100 si ubovu. Kwa gari linalokimbizwa kwenye mzunguko wa mashindano naona hili ni hasara kubwa, kwa sababu mshale unapoondoka katikati tayari umechelewa. Hapo weka geji ya pili yenye sensa yake, au uache skana ikisoma namba.

Sensa mpya ikaze kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu, kwa M12 kwenye alumini mara nyingi ni Nm 15 hadi 20, maana thredi za alumini huchanika kwa urahisi na hazisamehi. Weka washa mpya, jaza maji, toa hewa. Washa injini, hita ikiwa juu kabisa, uiache mpaka feni iwake na kuzima mara mbili. Tazama kidoa cheusi na mshale kwa pamoja feni inapowaka, kisha weka alama ndogo ya penseli pembeni ya kioo cha geji mahali mshale ulipofika. Injini ikipoa kabisa, fungua mfuniko uongeze maji, kwa kuwa hewa iliyotoka huacha nafasi.